Ushuhuda wa Baba Debora

Siku niliyokabidhi funguo za kabati la chuma katika ofisi ya watoto hapa Busia, vijana wa ofisi walikata keki wakaniomba niseme maneno machache. Nilisema machache kweli: asanteni, droo ya tatu hukwama, ipigeni teke kwa chini. Wakacheka, wakala keki. Nilipokuwa natoka, msichana mmoja aliyeajiriwa mwaka huu alinifuata hadi getini. Aliniuliza, "Madam, katika kesi zako zote, ni ipi ilikushtua zaidi?"

Nilimwambia nitamjibu siku nyingine. Sasa ni miezi mitatu niko nyumbani Mundika, nafuga kuku na kulikwepa swali lake. Hili hapa jibu. Majina nimeyabadilisha yote.

Nilianza kazi nikiwa na cheti kipya na viatu visivyofaa. Ofisi ilikuwa chumba kimoja nyuma ya majengo ya serikali, meza mbili na viti vitatu, kimoja cha kuning'iniza koti tu kwa sababu hakikuweza kubeba mtu. Mkubwa wangu alikuwa Mzee Ekirapa, Mteso kwa kabila, wa Malaba, mrefu kama nguzo ya stima, mwenye sauti ndogo iliyokulazimu kumwinamia. Siku ile ya kwanza hakunipa faili. Alinipa kalamu mbili, ya bluu na nyekundu.

"Ulichokiona kwa macho yako, andika kwa bluu," alisema. "Ulichoambiwa, andika kwa nyekundu. Jioni ufungue daftari lako. Likiwa jekundu tupu, jua hukwenda kazini, ulikwenda kupiga porojo."

Alinifundisha kuacha pikipiki ya serikali barabarani na kumalizia safari kwa miguu, kwa maana sauti ya pikipiki ile ilikuwa ikisafisha nyumba. Kabla hujafika, mtoto ameshaoshwa na fimbo imeshafichwa. Alinifundisha kuomba maji ya kunywa, si kwa kiu, bali nione ni nani anatumwa, anachota wapi, na kikombe kinatoka wapi. Jirani anayekuja mbio kukupa habari, alisema, msikilize mwisho. Na kwa vile tunaishi mpakani, mzazi akitishia kumhamisha mtoto usimwambie njoo kesho, maana hapa mtu anaweza kumfikisha mtoto nchi nyingine kabla chai yako haijapoa.

Kesi za dini zilinifikia mapema. Mwenye duka mmoja wa mjini, Mwislamu, na mkewe Mkatoliki wa kutoka Funyula, waliachana na kuanza kugombania mapacha wao: waende madrasa au waende katekisimu. Walifika kortini na mafaili manene kama matofali. Hakimu wa wakati huo aliwasikiliza asubuhi nzima, kisha akaamua kwamba hakuna mzazi atakayemzuia mwenzake kumfundisha mtoto imani yake, na watoto watakapokua watachagua wenyewe. Nilipowatembelea baada ya mwaka, mapacha walikuwa wamekula Idi, wamekula Krismasi, na walikuwa wamenenepa. Basi nikadhani nimeshaelewa: dini ikifika korti ya familia, ni mambo ya majina na sikukuu.

Mzee Ekirapa alistaafu, nikabaki na meza yake. Miaka ilipita. Halafu asubuhi moja mwalimu wa shule ya msingi ya upande wa Sigalame akanipigia simu.

"Madam, niko na mtoto wa darasa la nne hapa. Anaitwa Debora. Akishikwa na maumivu ya mifupa analia mpaka darasa linasimama. Wazazi tukiwaita wanafika haraka, si watu wa kupuuza. Lakini wanamwombea na kumbeba nyumbani. Hospitali hawataki kusikia."

Nilikwenda siku hiyo hiyo. Babake, Wandera, alikuwa fundi wa mbao. Nilimkuta uani anaranda mlango, nywele zimejaa vumbi la mbao. Alijifuta mikono, akaniletea kiti, akakifuta pia.

"Karibu, Madam. Najua ni mwalimu amekuita. Mimi sina shida na mwalimu."

"Baba Debora, mtoto ana ugonjwa gani?"

"Kwa lugha ya hospitali wanasema ni sikoseli. Damu yake si kama ya wengine. Tuliambiwa akiwa hata hajatembea. Daktari akasema bila dawa hawezi fika miaka mitano." Alitabasamu. "Tukaokoka. Nikachoma kadi ya kliniki mbele ya kanisa lote. Tangu siku hiyo hajameza kidonge hata kimoja, na sasa ako na miaka tisa. Debora! Kuja usalimie Madam."

Mtoto alikuja. Alikuwa mwembamba, weupe wa macho yake umeingia umanjano, meno yake yote nje kwa kicheko. Alinipa mkono, akaniuliza moja kwa moja, "Umekuja kunichukua?"

"Nimekuja kukusalimia," nilisema. Ulikuwa uongo mdogo, wa kwanza katika kesi ambayo ilikuja kujaa uongo.

Mamake, Nabwire, alikuwa akiuza omena, akivuka mpaka na beseni lake mara mbili tatu kwa wiki. Aliniletea maji, akasimama mlangoni. Nilipofika nyumbani niliandika kwa bluu: neti iko. Maji yamechemshwa na kufunikwa. Uji wa wimbi kwenye chupa ya chai. Mtoto amevaa sweta mbili na jua ni kali. Chupa yake ya maji ya shuleni ni kubwa kuliko kichwa chake. Kwa nyekundu nikaandika: hakuna dawa tangu utotoni.

Someni tena hiyo bluu. Mtu mwenye ugonjwa ule huambiwa kliniki anywe maji mengi, asipigwe na baridi, akingwe na mbu. Ndani ya nyumba ile kulikuwa na mtu anayefuata maagizo ya kliniki neno kwa neno. Niliyaandika yote kwa mkono wangu na sikuona kitu. Mimi ni Mkatoliki, na nilitoka pale na hasira ya Mkatoliki badala ya macho ya afisa.

Jumapili nilikwenda kanisani kwao. Uchunguzi ukihusu imani ya watu, kaa kwenye benchi lao angalau mara moja. Lilikuwa kanisa dogo la mabati, jina lake silitaji, watu wanaoimba vizuri na kusalimiana kwa upendo wa kweli. Katikati ya ibada mchungaji alimwita Wandera. Alipanda mbele, akamwinua Debora juu ya mabega yake.

"Walinipa miaka mitano!" alisema. "Hesabuni wenyewe! Hakuna sindano, hakuna kidonge, ni maombi peke yake!"

Kanisa lililia. Mimi mwenyewe, na niseme ukweli, nilisisimka mwili.

Mbele yangu aliketi mama mmoja na mvulana wa kama miaka sita mapajani. Mvulana alikuwa na macho yale yale ya manjano. Baada ya ibada nilimsalimia. Aliitwa Mama Yona, mjane.

"Na Yona wetu anaendeleaje?" nilimuuliza.

"Ana ile ya Debora. Mimi nilikuwa nampeleka kliniki kila mwezi, Madam, sikukosa. Lakini nilipomsikia Baba Debora mara ya tatu, niliona aibu. Nikasema, mimi imani yangu iko wapi? Nimeacha dawa tangu mvua ianze."

Nilimsihi pale pale amrudishe mtoto kliniki. Alinisikiliza kwa adabu, jinsi mtu anavyomsikiliza mgeni asiyejua mambo ya nyumbani. Jumatatu nilimwandikia chifu barua, nikafungua faili ya Yona, nikaipanga nyuma ya faili ya Debora, kwa sababu faili ya Debora nilikuwa nimeshaipeleka kortini na ilikuwa na tarehe. Kazi yetu ina mambo ya zamu. Niliweka zamu.

Jumanne, siku tisa kabla ya kesi, nilivuka kwenda Busia ya Uganda kumtafuta shangazi wa mtoto mwingine. Shangazi huyo alikuwa mfanyakazi wa kliniki moja ndogo karibu na soko. Nilipoingia, muuguzi alikuwa akimwambia mteja dirishani, kwa heshima ya Kiganda ya kumwita mama, "Nyabo, uji usiwe moto sana ukiweka dawa. Na mtoto mwenyewe utamleta lini tumpime?"

Mteja aligeuka. Alikuwa Nabwire, vidonge vimefungwa kwenye ncha ya leso, beseni la omena miguuni.

Sikumbuki nilisema nini. Nakumbuka alinishika kifundo cha mkono kwa nguvu, akanivuta nje hadi kwenye ukuta wa nyuma.

"Madam, nakuomba. Usiniharibie."

"Tangu lini?"

"Tangu wiki ile alichoma kadi. Nilingoja siku nne. Siku ya tano mtoto akalia mpaka sauti ikaisha. Nikakuja huku, kwa sababu kule kwetu kila mtu ananijua. Nasaga, naweka kwa uji wa wimbi. Rangi haionekani."

"Na mume wako?"

"Hajui. Akijua atanifukuza, ama atakufa. Yeye anaamini, Madam. Anaamini na mwili wote."

"Na wewe? Unaamini nini?"

Alinitazama kana kwamba nimemtukana. "Mimi pia naamini. Nikisaga naomba. Nikikoroga naomba. Mimi sijawahi kuacha kuomba."

Nimewahoji watu wengi katika kazi hii, na bado sijakutana na jibu lililonipiga kama lile. Miaka minane, mara mbili kwa mwezi, kuvuka nchi kwa ajili ya ncha ya leso, na Jumapili kukaa benchi la mbele kusikiliza mume akisema hakuna kidonge.

Nilimwambia kwamba mimi ni afisa wa korti na sitaandika ripoti ya uongo. Lakini kesi za watoto husikilizwa faraghani. Kanisa halitakuwa ndani. Nilimpa nafasi aseme mwenyewe mbele ya hakimu kabla sijasema mimi. Mpaka siku hiyo, nilimwahidi, sitamwambia mtu.

Nililitimiza neno langu. Siku nne baadaye, Jumamosi, Yona akafa.

Chifu alinipigia simu Jumapili. Barua yangu ilikuwa bado mezani kwake. Mtoto alishikwa na homa Ijumaa, wakamwombea usiku kucha na mchana, na kufikia jioni hakuwepo. Nilikaa kwenye kiti changu jikoni na simu mkononi. Tangu Jumanne nilikuwa najua kwamba muujiza aliouiga mama yule haukuwa muujiza wa aina ile. Ningeweza kupanda boda nikafika kwake kwa nusu saa. Sikuhitaji kumtaja Nabwire. Ningekaa mlangoni pake mpaka akubali kuja nami kliniki, au ningeomba amri ya haraka kwa hakimu. Nilikuwa nalinda siri ya mtoto mmoja huku zamu ya mwingine ikingoja kabatini. Vijana, hakuna kanuni niliyovunja. Mnaweza kuitafuta. Hilo ndilo linalonitia baridi hadi leo.

Alhamisi tuliingia kortini. Hakimu alikuwa mama mtaratibu aliyekuwa na tabia ya kuvua miwani anapotaka kusikiliza vizuri. Tulikuwa ndani sisi tu: yeye, karani, wazazi wawili, na mimi. Ombi langu lilisema Debora ni mtoto anayehitaji ulinzi, kwa kuwa wazazi wanamnyima matibabu kwa sababu ya dini.

Wandera alisimama wima. Hakuwa na wakili na hakumhitaji.

"Mheshimiwa, Katiba imenipa uhuru wa kuabudu. Mtoto huyu nimepewa na Mungu, si serikali. Kama ningekuwa nampiga, kama ningemnyima chakula, mnifunge. Lakini kuamini si kosa. Na ushahidi ni yeye mwenyewe. Ako hai."

Hakimu alivua miwani. "Baba Debora, uhuru wako korti hii inauheshimu. Hakuna atakayekukataza kuomba. Swali langu ni la mtoto: uhai wake ukiwa hatarini, imani yako inaweza kuamua peke yake kwa niaba yake, naye hajafika umri wa kuchagua?" Kisha akageuka. "Mama Debora, wewe una la kusema?"

Nabwire alisimama. Halafu akasema yote: leso, wimbi, kliniki ya ng'ambo, miaka minane. Aliyasema akitazama meza, kwa sauti ya mtu anayesoma orodha ya vitu vya sokoni. Alipomaliza alikaa, akajifunika uso kwa mikono.

Sote tulimgeukia Wandera. Nilijiandaa kwa kelele, hata nilisogea kidogo nijiweke kati yao.

"Najua, Mheshimiwa," Wandera alisema.

Nabwire aliondoa mikono usoni.

"Unajua nini?" hakimu akauliza.

"Najua ya dawa. Tangu mtoto ako darasa la kwanza. Mama yake alienda matanga ya kwao wiki nzima, nikabaki nikipika uji mimi. Debora akaonja, akaniambia, 'Baba, umesahau ile ya Mama.' Akanionyesha mahali, ndani ya mkebe wa unga." Alimtazama mkewe. "Nikasaga. Wiki yote nilimsagia mimi mwenyewe."

"Na Jumapili ya wiki hiyo?"

"Nilitoa ushuhuda, Mheshimiwa."

Nabwire alikuwa akimtazama mume wake kama mtu anayemwona mgeni amekaa kwenye kitanda chake.

"Kwa nini?" hakimu akauliza, kwa upole hasa.

"Watu walikuwa wameshazoea," alisema Wandera. "Wengine walikuwa wanatoka mbali kumuona. Ningewaambia nini? Na nilikuwa nasema moyoni, dawa hata wengine wanapewa na wanakufa. Huyu hafi. Kwa hiyo bado ni Mungu. Nilikuwa najiambia hivyo."

Hakimu aliniuliza kama kuna familia nyingine iliyofuata mfano ule. Nilisimama. Nimesimama mbele ya mahakimu mara nyingi kuliko nilivyosimama mbele ya altare, lakini siku hiyo nilijibu nikitazama sakafu.

"Ndiyo, Mheshimiwa. Kuna mtoto mmoja. Alizikwa juzi."

"Yona," alisema Wandera, kabla sijalitaja jina. Alishika ukingo wa meza. "Jeneza lake nilitengeneza mimi. Mama yake alikuja kwangu, akasema, fundi, mpimie vizuri. Nilimpimia."

Hakimu aliahirisha kesi kwa nusu saa. Nilitoka nje nikasimama kwenye veranda. Kwa upande wa pili Nabwire na Wandera walikuwa wamekaa kwenye benchi moja, katikati yao nafasi ya mtu mzima mmoja.

Uamuzi ulitolewa baada ya wiki mbili, na wengi wenu mngeutarajia tofauti. Debora hakuondolewa kwao. Hakimu alisema imani ya wazazi haikuwa mbele yake ili aipime, na wataendelea kumpeleka mtoto kanisani wapendavyo. Lakini haki ya mzazi kumlea mtoto katika dini haifiki mahali pa kuamua afe kwa ajili yake. Aliamuru kliniki ya kila mwezi, huku Kenya, mchana, na kadi iletwe kwangu kwa mwaka mzima. Na akaamuru mtoto asitumiwe tena kama ushuhuda mbele ya watu. Watu wanaoniuliza kwa nini sikupinga wasome ile bluu: mtoto mwenye sweta mbili na chupa kubwa ya maji alikuwa anapendwa nyumbani kwao. Leo yuko sekondari. Ana siku zake mbaya, lakini yuko.

Mwezi wa kwanza wa kuleta kadi, nilimkuta Mama Yona mlangoni pa ofisi kabla sijafungua. Alikuwa amekonda. Hakukaa nilipompa kiti.

"Madam, mimi sikuja kulia. Nataka kujua kitu kimoja. Watu wanasema mlikuwa kortini na Baba Debora. Debora alikuwa anapewa dawa?"

Faili ya mtoto mmoja haisomewi mzazi wa mtoto mwingine. Hiyo ndiyo sheria, na ni nzuri, na mnapaswa kuishika. Nilimwambia kwamba siwezi kuzungumza kuhusu mtoto wa mtu.

"Sawa," alisema. "Kwa sababu siku ya mazishi mchungaji alisema Mungu ni mmoja, ugonjwa ni mmoja, lakini imani hazikuwa sawa. Alisema imani ya nyumba yangu ilikuwa na nyufa. Nimekaa na hayo maneno. Silali."

Ndipo Wandera alipoingia na kadi mkononi, Nabwire nyuma yake. Alimwona Mama Yona, akasimama.

Ningeweza kumwambia angoje nje. Ningeweza kumtoa Mama Yona kwa heshima, nikamwahidi siku nyingine. Nilinyanyuka, nikafunga mlango, nikabaki ndani pamoja nao.

Mama Yona aliitazama kadi. Ilikuwa ya kliniki, mpya, rangi ile ile ya kadi aliyowahi kuwa nayo yeye.

"Baba Debora," alisema, "alikuwa anakunywa?"

"Alikuwa anakunywa," alisema Wandera.

"Hata ile siku ulimwinua juu?"

"Hata hiyo siku."

Nilidhani atapiga mayowe, au atamrukia. Badala yake mabega yake yalishuka, pumzi ndefu ikamtoka, kama mtu aliyetuliwa mzigo kichwani, na hapo ndipo niliposhtuka mimi.

"Basi si imani yangu ilipungua," alisema.

"Haikupungua, mama," alisema Wandera. Alikuwa analia wazi. "Yako ilikuwa kubwa kuliko yangu."

"Usinipe sifa. Jumapili utasema hivyo hivyo. Kwa kanisa. Nitakaa mbele."

Amri ya korti ilimkataza kumtumia mtoto kama ushuhuda. Haikumkataza kusema juu yake mwenyewe. Jumapili hiyo nilikwenda, bila daftari. Mchungaji alimpa nafasi akitarajia mambo ya siku zote. Debora alikuwa amebaki nyumbani pamoja na mamake. Wandera alisimama peke yake, mikono ikimning'inia, hajui aiweke wapi bila mtoto wa kumwinua.

Alisema mtoto wake alipewa dawa miaka yote minane. Alisema alijua, na alidanganya. Alisema kwa sauti ya chini sana, kisha akageuka kwenda kukaa. Mchungaji alikuwa tayari ameanzisha wimbo.

Mama Yona alisimama kwenye benchi la mbele. Hakupaza sauti, lakini wimbo ulikatika.

"Rudia, Baba Debora," alisema. "Wa nyuma hawajasikia."

Wandera alirudi mbele, akarudia.